Masika Tuliyomficha Rahma

Jumatatu, 8 Machi 2010

Mvua ya kwanza imenyesha, nimepanda karoti kwenye matuta ya juu; kabichi za bondeni, nilizopanda mwezi wa kwanza, zinaanza kufunga. Daftari hili ni la shamba tu. Marehemu mume wangu alinizoesha kuandika nimepanda nini, lini, na mvua imesemaje, na tangu nihamie hapa Magamba kulima shamba lake sijaacha.

Mwaka huu ninaandika na jambo jingine, maana sina wa kumwambia. Rahma, mdogo wangu wa mwisho, yuko kwangu tangu mwezi wa kwanza. Alishuka basi Lushoto akiwa na mwanawe Zainabu mgongoni, na mkono wa kushoto umefungwa khanga. Mkono ule ulivunjwa na mumewe, Amiri, dereva wa trekta kwenye mashamba ya chai ya Bulwa. Haikuwa mara ya kwanza kumpiga. Ila ilikuwa mara ya kwanza kumwambia kwamba akiondoka atamfuata, na akimpata atamzika.

Amiri anajua mimi nakaa Tanga mjini, kule nilikokuwa nimeolewa. Nilipohamia huku alikuwa ameshamkataza Rahma kuongea nami, kwa hiyo habari ya Magamba hana. Laini ya zamani Rahma aliitupa chooni. Laini mpya inajulikana na mimi na mama yetu, kule Bungu. Basi.

Alhamisi, 11 Machi

Siku ya soko. Tulishuka Lushoto kusajili laini ya Rahma, kwa sababu redio kila saa inatangaza kuwa isiyosajiliwa itafungwa. Mika, kijana wa simu, ana meza chini ya mwavuli nje ya soko, na leo foleni yake ilifika hadi kwa wauza mitumba.

Rahma aliacha kitambulisho chake cha kupigia kura Bulwa. Alikuja na barua ya mtendaji wa kijiji. Mika aliisoma kwa sauti, kama anatangaza mnada.

"Rahma Saidi. Unakaa wapi?"

"Magamba."

"Magamba kubwa, dada. Sehemu gani?"

Rahma alinitazama. Nikamwambia Mika aandike Magamba tu, inatosha. Akasema kampuni inazirudisha fomu zisizojazwa vizuri, na yeye ndiye anayekatwa malipo. Nyuma watu walianza kunung'unika. Basi nikataja: kwa Zakia Saidi, nyumba ya bati jekundu, juu ya kisima. Akauliza na jina la mtoto, sijui la nini. Rahma akalisema.

Upepo uliipeperusha fomu ikaanguka kwenye tope. Aliyeiokota ni jirani yangu Yusta, Mama Kristian, aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni. Aliifuta kwa kitenge chake, akaisoma huku anacheka: "Kumbe Rahma umezaliwa mwaka mmoja na mdogo wangu!" Mika akaitia kwenye boksi la maziwa chini ya meza, juu ya nyingine, akaita anayefuata.

Jumanne, 16 Machi

Mvua mchana kutwa. Karoti hazijaota.

Jumatano, 24 Machi

Karoti zimeota. Rahma alinisaidia kupalilia kwa mkono mmoja, anaimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu aje.

Mchana alipigiwa simu na mtu wa makao makuu ya kampuni ya simu. Rahma anasema ana Kiswahili kizuri, mpole, anamwita "mteja wetu." Anahakiki usajili, anataka kujua tu laini ilisajiliwa na wakala gani. Rahma akamwambia, Mika wa sokoni Lushoto. Akamshukuru, akakata. Nimefurahi kwamba laini haitafungwa.

Alhamisi, 1 Aprili

Soko zuri. Leo Rahma alipigiwa simu na namba asiyoijua. Alipopokea, kimya. Akakata.

Jumatatu, 5 Aprili

Wakristo wana Pasaka. Yusta ametuletea sahani ya pilau na nyama, na Zainabu amekula hadi akalala na kijiko mkononi.

Simu ya kimya imepigwa tena, asubuhi na mchana. Namba si ile ile. Mara ya pili niliipokea mimi. Nilisikia mtu anapumua, na nyuma yake injini inanguruma taratibu. Rahma alikuwa ananitazama usoni. Nilisema, "Mtu kakosea namba." Akaenda kuangalia kama mlango umefungwa. Ilikuwa saa nane mchana.

Ijumaa, 9 Aprili

Leo naandika sana.

Nilikuwa bondeni nikamwona Rahma anakuja mbio kwenye matuta, anakanyaga kabichi, simu kaishika mbali na mwili kama kitu cha moto. Alinipa nisome. Meseji ilikuwa fupi:

*Magamba kuna baridi msimu huu. Mfunike Zainabu vizuri.*

Nilisoma, nikasoma tena. Rahma alikaa chini kwenye tope. Nikamwuliza, "Wewe umempigia?" Namwona bado alivyoniangalia. Nikamwuliza mara ya pili, kwa ukali, maana niliwahi kusikia wanawake wanaorudi wenyewe kwa waliowaumiza. Akasema, "Dada, ningempigia mimi, ningekuwa nalala na nguo zangu za safari?" Ndipo nikajua kwamba tangu aje hajawahi kuvua nguo za safari akilala. Tunalala chumba kimoja na sikuwa nimeona.

Kama si Rahma na si mimi, nani kasema Magamba? Nani kasema Zainabu? Mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwa Yusta. Aliishika ile fomu. Aliisoma. Ana shemeji yake anayefanya kazi kwenye chai, huko huko Bulwa, amewahi kunisimulia mwenyewe.

Sikungoja hasira ishuke. Nilimkuta anachambua maharage barazani.

"Mama Kristian, umemwambia nani habari za mdogo wangu?"

"Habari zipi?"

"Usinifanye mtoto. Fomu uliisoma wewe. Bulwa una ndugu wewe."

Alisimama polepole, maharage yakamwagika. Alisema kwamba tangu mwezi wa kwanza anamwona binti mwenye mkono uliovunjika, anayejificha gari likipita, na hajamwuliza hata mara moja, kwa sababu hata yeye aliwahi kuwa na mume wa namna hiyo. Kisha akanijibu Kishambaa, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, akaingia ndani.

Niliondoka nikiwa bado naamini ni yeye.

Jumamosi, 10 Aprili

Mvua haijakatika. Yusta amepita mbele ya mlango wangu bila salamu.

Meseji nyingine: *Nakuja kuchukua familia yangu.*

Rahma anataka kuondoka, hajui aende wapi. Nimemwambia abaki. Moyoni sijui kama nimemshauri vizuri.

Jumanne, 13 Aprili

Mlima umeporomoka chini ya Soni. Barabara ya kutoka Mombo imefungwa kabisa, hakuna basi linalopanda wala lori linaloshuka. Kabichi zangu ziko tayari na mnunuzi wangu yuko Mombo na gari lake.

Kila mtu leo anasikitika. Mimi nilisimama kwenye dirisha nikasema alhamdulillah, kisha nikaona aibu, maana hapo nje ni chakula chetu cha mwaka kinachoanza kuoza. Lakini mtu wa Bulwa hawezi kupanda.

Jumatano, 14 Aprili

Barabara bado. Nimepata mtandao nikampigia mama. Nilimwuliza kama Amiri amekwenda Bungu.

"Alikuja," akasema. "Mwezi wa tatu, mwanzoni. Aliniletea sukari na khanga, akalia mbele yangu, akasema amekosa. Sikumwambia kitu, mwanangu. Naapa sikumwambia mko wapi."

"Simu yako aliigusa?"

"Aliomba apige. Yake ilikuwa imekwisha chaji. Alikwenda kuongelea uani."

Mama hajui kusoma. Jina la Rahma kwenye ile simu liliandikwa na mtoto wa jirani, herufi kubwa. Sikumlaumu. Nilimwambia alale salama. Alikuwa analia.

Kwa hiyo namba aliipata kwa mama. Lakini kwenye simu ya mama hapakuwa na neno Magamba.

Alhamisi, 15 Aprili

Nilishuka Lushoto kwa miguu, kwenye mvua. Mika alikuwa peke yake chini ya mwavuli, hakuna wateja.

"Shikamoo, mama Zakia."

"Marahaba. Mika, kuna mtu amekuja kuuliza fomu ya mdogo wangu?"

Nilidhani atakataa. Badala yake uso wake ulichangamka, kama mtu anayetaka kusifiwa. "Ndiyo, mkaguzi. Yule wa makao makuu. Alikuja mwishoni mwa mwezi wa tatu, amevaa tai, ana kitambulisho shingoni. Alinitajia namba, akataka kuona kama fomu imejazwa vizuri. Akanisifia. Alisema ni mawakala wachache wanaojaza hadi mahali pa kisima."

"Ukampa."

"Aliipiga picha kwa simu yake, akanirudishia."

"Kile kitambulisho ulikisoma?"

Mika alitazama boksi la maziwa chini ya meza.

"Kimeandikwa jina gani, Mika?"

"Mama, alikuwa nacho shingoni..."

Nilimwambia. Sikupiga kelele. Nilimwambia mkono wa Rahma ulivyovunjwa, nikamwambia meseji inasemaje. Wakati nasema, ile simu ya mpole ilinijia kichwani: tunahakiki tu, mteja wetu, umesajiliwa na wakala gani? Kwa mama walichukua namba. Kwa Rahma walichukua jina la Mika. Kwa Mika walichukua nyumba yangu. Hakuna kati ya hao watatu aliyeona kwamba ametoa kitu.

Mika akavuta lile boksi la maziwa kutoka chini ya meza, akaniambia nichukue fomu ya Rahma niende nayo. Niliinama kutazama. Zilikuwa zimejaa hadi juu, za watu wote wa Lushoto ninaowajua na nisiowajua, kona zimelowa mvua. Ya juu kabisa ilikuwa ya mwalimu wa madrasa ya Magamba. Nilimwambia ya Rahma nimeichelewea. Nataka yeye aandike kwa mkono wake kilichotokea, aje nami polisi.

"Watanifunga, mama."

"Sijui. Lakini mwenzio anaweza kuzikwa."

Alikunja mwavuli.

Polisi walitusikiliza. Askari mmoja wa kike aliandika kila kitu, akatupa RB, karatasi yenye namba ya ripoti yetu, na akasema neno moja nililokuwa silijui: tusifute meseji hata moja, wala tusiijibu. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Rahma azifute. Bahati nzuri alikuwa hakunisikiliza. Askari alisema pia barabara ikifunguliwa tuwe macho, na tusimwache Rahma alale mahali palipoandikwa kwenye ile karatasi.

Njiani kupanda nilifikiria nyumba ya jirani ambayo Amiri hajaisoma popote. Ilikuwa moja tu.

Ijumaa, 16 Aprili

Nilikwenda kwa Yusta kabla ya sala ya Ijumaa. Alinifungulia nusu ya mlango.

Nilimwomba radhi. Nilisema nimemkosea, na nikamweleza jinsi habari ilivyotoka, na kwamba yeye hakuwemo hata kidogo. Hakunirahisishia. Aliniacha nisimame kwenye matone ya bati hadi nikamaliza.

Kisha akasema, "Una mengine?"

Nikasema ninayo, na ni makubwa zaidi, na sina haki ya kuyaomba. Namwombea Rahma na mtoto mahali pa kulala.

Yusta alicheka, kicheko kikavu. "Wewe Zakia. Asubuhi unaniita mchawi, mchana unataka nyumba." Akafungua mlango wote. "Walete. Waje kwa njia ya nyuma, kwenye migomba."

Rahma amehamia huko na Zainabu. Simu yake ameniachia mimi, imewashwa. Amiri akipiga, nataka aamini kwamba iko pale pale palipoandikwa kwenye fomu.

Jumapili, 18 Aprili

Kabichi za chini zimeanza kunuka.

Alhamisi, 22 Aprili

Wanasema tingatinga limefika Soni. Simu imelia mara nyingi leo. Siipokei. Nyumba imekuwa kubwa bila mtoto.

Jumanne, 27 Aprili

Barabara imefunguliwa. Mnunuzi amepanda na lori, amechukua kabichi zilizobaki na kuacha nyingi. Sikubishana naye. Macho yangu yalikuwa kwenye basi lililosimama nyuma ya lori, nikitazama nani anashuka.

Nimemweleza mwenyekiti wa kitongoji, mzee Abdallah. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza huyo bwana anafananaje.

Ijumaa, 30 Aprili

Ukungu. Hakuna mtu.

Jumatatu, 3 Mei

Amekuja.

Nitaandika kama ilivyokuwa, kwa sababu askari ameniambia niandike kila ninachokumbuka kabla sijasahau.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi nikawa sioni kisima. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Simu ya Rahma ikalia mezani. Niliitazama tu, kama siku zote. Ikalia hadi ikakata, ikaanza tena. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamume nje ya mlango, karibu sana, wala haikuwa na haraka:

"Naisikia inalia."

Kisu kilinitoka mkononi.

"Shikamoo, shemeji," akasema. "Ni mimi Amiri. Nimetoka mbali. Nilikwenda Tanga kwanza kukutafuta, unajua? Watu wa mtaa ule hawana adabu."

Komeo lilikuwa limefungwa. Nilitafuta simu yangu nikampigia askari, nikasema maneno mawili tu, "Yuko hapa," na nikaiacha wazi mezani. Kutoka Lushoto hadi kwangu kwa gari, kwenye tope lile, si karibu.

"Shemeji, sitaki ugomvi. Mwambie Rahma atoke na mtoto. Nina nauli yao."

"Rahma hayupo."

"Simu yake iko humo."

"Simu ipo. Rahma hayupo."

Nilisikia anazunguka nyumba, buti zinafyonza tope. Alifika kwenye dirisha la chumbani, akachungulia. Akasukuma ubao wa dirisha. Kisha akarudi mlangoni, na safari hii alikuwa anapumua kama nilivyomsikia kwenye simu. Akaanza kuniambia atakachomfanya Rahma. Alisema polepole, kwa mpangilio, kama mtu anayeeleza kazi ya kesho. Askari amenitaka niyaandike maneno yale. Nimeyaandika kwenye karatasi yake. Humu siyaweki.

Kisha akapiga mlango teke. Komeo langu ni la mti. Teke la pili lilipasua ubao wa chini. Niliburuta meza nikaizuia kwa mgongo, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, lakini ukungu unameza sauti, na watu wote walikuwa mashambani.

Hapo ndipo kengele ya kanisa ilipoanza kulia.

Kengele ya Walutheri wa hapa ni rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mti. Hugongwa Jumapili, na siku nyingine hugongwa kwa moto au msiba tu. Leo iligongwa Jumatatu mchana, bila mpango, kama mtu anayepigana nayo. Sikujua bado kwamba ni Yusta. Alikuwa amesikia teke la kwanza, akamfungia Rahma na mtoto ndani, akakimbilia kengele badala ya kukimbilia kwangu, kwa sababu, anavyosema mwenyewe, mimi na yeye tungekuwa wanawake wawili tu.

Amiri aliingia. Mlango ulianguka juu ya meza na mimi chini ya meza. Aliniruka akaenda chumbani, nikamsikia anapindua kitanda, anafungua sanduku, anaita jina la mdogo wangu. Alipotoka alikuwa ameshika gauni la Zainabu. Aliniinamia. Alisema, "Yuko wapi?" Nilimtazama machoni na nikagundua kwamba simchukii kama nilivyodhani, kwa sababu hofu haikuwa imeniachia nafasi ya kumchukia. Nilisema, "Sijui." Akanishika koo.

Watu walitokea kwenye ukungu na majembe yao. Wa kwanza niliona miguu tu, yenye tope hadi magotini. Walimvuta nje. Mtu alinyanyua mpini, na nikasikia mzee Abdallah anasema, wala hakupaza sauti sana, "Hapigwi mtu hapa. Mkalisheni chini." Walimkalisha kwenye tope mbele ya mlango wangu. Alianza kueleza kwamba ni mgogoro wa familia, kwamba ana haki na mkewe. Waliokuwepo wengi walikuwa wanaume, na niliogopa kwamba wengine wangekubali. Mzee Abdallah akamwuliza:

"Bwana, njia ya kufika hapa umeelekezwa na nani?"

Amiri akaanza kupangusa tope kwenye suruali.

"Hujauliza mtu kijijini. Ungeuliza, ningejua. Nani kakuonyesha nyumba ya bati jekundu?"

Hapo ndipo watu waliokuwa wakimsikiliza walipoanza kutazamana. Habari ya fomu mzee alikuwa ameshawaambia; nusu yao walisajili laini kwa Mika, na wote wana mabinti.

Gari la polisi lilifika likiwa limepakwa tope hadi kwenye vioo. Kwenye simu ya Amiri walikuta picha ya ile fomu. Nilionyeshwa. Mwandiko wa Mika, alama ya tope pale ilipoangukia, na jina langu.

Koo linauma. Yusta amenipikia uji na amekaa nami hadi nimalize kuandika. Ameniuliza kama nimemwandika humo. Nimemwambia ndiyo. Akasema niandike kwamba rimu lile ni zito.

Alhamisi, 6 Mei

Fundi amerudisha mlango. Yule mkaguzi wa uongo hajapatikana. Amiri anasema ni mtu aliyemlipa, hamjui jina. Mimi naamini anamjua.

Kampuni ya simu nimeipigia mara nyingi. Binti mwenye sauti nzuri anasema malalamiko yangu yamepokelewa.

Alhamisi, 20 Mei

Mvua zinapungua. Nilipita kwa Mika. Ana sanduku la bati lenye kufuli, na mteja anaandika mwenyewe makazi yake, asiyejua kuandika ananong'onezwa pembeni. Foleni inakwenda polepole na watu wanamlalamikia. Aliniamkia, nikaitikia. Bado sijaweza kukaa kwenye kiti chake na kuongea.

Kuna wanawake wa sokoni wanaokuja kuniuliza. Mmoja, muuza plamu, amepigiwa simu na "makao makuu." Nilimwambia akate, akitaka kuhakiki aende mwenyewe dukani kwa miguu yake. Akaniuliza, "Na kama ni wa kweli?" Nikamwambia wa kweli hatakasirika.

Rahma ameondoka Magamba. Amepata kazi na mahali pa kukaa. Mahali hapo sipaandiki hata humu.

Alhamisi, 24 Juni

Baridi imeanza. Leo Rahma ametoa ushahidi mahakamani Lushoto. Tulikwenda mimi, yeye na Yusta, na mama alitoka Bungu.

Amiri alikuwa amekaa kizimbani, amenyolewa vizuri. Rahma aliapa. Karani akachukua kalamu, akamwuliza kwa sauti ya kila siku, kama anavyowauliza wote: "Jina? Umri? Unaishi wapi?"

Jina alisema. Umri alisema. Nilimwona Amiri ananyoosha shingo.

Karani akarudia swali. Rahma akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, naomba nisiseme. Naomba niandike, ukaisome wewe."

Karani alisema utaratibu ni kusema. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alimtazama Rahma, akamtazama mshtakiwa, akasema, "Mpe karatasi."

Aliandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameubana kifuani, maana haukuunga vizuri na hautaunga tena. Hakimu aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya majalada yake. Akamwambia aendelee. Na Rahma akasema yote, tangu mwanzo, wala hakulia. Mama ndiye aliyelia.

Ijumaa, 16 Julai

Hukumu imetoka. Amiri amefungwa miaka miwili, kwa kuvunja nyumba, kunidhuru na kutishia kuua. Kesi ya mkono wa Rahma itasikilizwa Muheza, kwa kuwa Bulwa iko huko, na ameshasema ataifuata.

Sikumwona Rahma akifurahi. Tulipotoka nje nilitaka tupite njia ya nyuma, kama tulivyozoea. Rahma alisimama kwenye ngazi za mahakama, akafungua ushungi aliokuwa amejizungushia hadi puani, akaufunga upya chini ya kidevu. Akasema anataka kununua peasi.

Tulipita sokoni katikati, saa ya watu wengi, na uso wake wazi. Alichagua peasi moja moja, akabishana na muuzaji.